Trakteri Itageukia Wapi

Masisi, tarehe 6 mwezi wa tatu, 1955

Mujukuu wangu Damascène,

Yezu asifiwe. Mimi niko, napumua, ni magoti tu njo yanakatala mulima. Nakusalimu wewe, nasalimu na muke wako Céline. Kwetu mvua ilianza vizuri, maharage yanapanda. Muhogo wa Nzabandora uliliwa na nguruwe wa pori, na yeye anasema ni sisi tulilala. Unamujua ule ndugu ya babu yako: ata akikanyaga mwiba anatafuta muntu aliyeuweka. Epiphanie, mujane wa baba yako mudogo, anakusalimu. Analima peke yake lile shamba refu karibu na muto, mutoto ku mugongo, jembe ku mukono. Ukimuona toka nyuma utasema ni muzee.

Usicheke mwandiko wangu. Nilijifunza kuandika ku katekisimu tu, na naandika mwenyewe sababu sitaki katekista ajue mambo ya nyumba yangu kabla ya wewe.

Sasa neno lenyewe. Nyumba tano za mulima wetu zilikaa, zikapatana. Tumechoka kuvunjika mugongo. Tutatoa ngombe zetu dume, tununue trakteri moja, ya sisi wote. Shofere wa kamyo, ile gari ya mizigo, alituambia kama Bwana Édouard, ule muzungu wa biashara unayemuandikia makaratasi pale Walikale, iko anauza mbili, zote za nguvu ya katikati. Haziko kubwa kama zile za barabara, haziko ndogo kama za bustani. Moja iko na pine za mupira. Ingine inatembea juu ya minyororo ya chuma. Moja tu njo tutaweza. Wewe unaziona kila siku ukienda ku biro yake ya kazi, kwa hiyo kamata ile akili yote niliyokulisha, uniambie:

Inapanda mulima ao inaanguka? Inakunywa mazutu, yale mafuta ya mashini, namna gani? Na neno la tatu, nalitaka kuliko hayo yote: ikifika mwisho wa shamba, itageukia wapi?

Nauliza sababu mashamba yetu iko marefu na membamba, yamelala moja kando ya ingine kama vidole, na kati ya vidole kuko miyenzi, ile miti ya maziwa babu yako na ndugu zake walipanda. Shamba la Epiphanie njo jembamba kuliko yote. Sitaki mashini igeukie juu ya mupaka wa mujane. Mupaka ukiondoka, kisha na mujane anaondoka. Tuliona ile pahali pengine, wewe pia uliona.

Watu wote wanasema: Damascène ni mutoto wetu, atatuchagulia. Nzabandora peke yake njo anacheka. Jibu mbio, nimufunge kinywa.

Mimi nyogokuru wako niliyekulea wakati mama yako alikufa ukiwa bado unanyonya,

Nyirabagenzi


Walikale, tarehe 19 mwezi wa nne, 1955

Nyogokuru mpendwa sana,

Barua yako imenifikia na imenifurahisha. Mimi na Céline tu wazima, na ninakupa habari njema: ana mimba. Huku msituni mvua haijui kupumzika. Nguo tunazikausha juu ya moto kama samaki. Nilipita Ntoto nikamwona shangazi. Anauza chumvi na mafuta ya mawese, amenenepa, anacheka kama zamani. Anakuombea.

Kuhusu trakteri, nimezitazama zote mbili kwa makini. Ile ya minyororo ni nzito, inatambaa kama kobe, na inapiga kelele mpaka meno yanauma. Minyororo ikikatika, chuma cha kuitengeneza hutakipata Walikale wala Masisi. Lakini ile ya pine, Nyogokuru! Ni nyekundu, ina taa mbili mbele, ina nguvu ya farasi thelathini na tano. Ukiifunga kigari nyuma, maharage yanakwenda sokoni bila mwanamke kuyabeba kichwani. Wazia: wewe umeketi juu ya magunia, unapita Kalembe, watu wanatoka nje wanaulizana, ni malkia gani yule?

Mlima inapanda vizuri, kama dereva ana akili. Mazutu inakunywa kidogo kuliko ile nyingine.

Shauri langu ni ile ya pine. Ndiyo ya kisasa. Wakati wa jembe na wa vipande vidogo vidogo umepita. Leo mali inatoka katika mashamba mapana.

Bwana Édouard anawasalimu. Ni mzungu mwema, anawapenda watu wa milima.

Mjukuu wako mwaminifu,

Damascène


Masisi, tarehe 22 mwezi wa tano, 1955

Damascène,

Yezu asifiwe. Tuko. Mbuzi ya Epiphanie ilizaa mapacha, moja ikakufa. Shangazi yako kama amenenepa ni vizuri, mwambie akumbuke na misa, sababu Ntoto si mbali na kanisa vile anavyosema. Céline alale mingi, asichote maji. Mimba ya kwanza haiko kamchezo.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza, nikacheka juu ya malkia. Niliisoma mara ya pili, sikucheka tena. Nilikuuliza maneno matatu, ukajibu mawili. Mutoto anatumwa maji na kuni, anarudi na maji, anaimba wimbo murefu mpaka mulangoni. Mama anamwambia: wimbo ni muzuri, kuni iko wapi?

Basi nilienda mimi mwenyewe, na haya magoti, mpaka kule nyuma ya mulima ku shamba la ule muzungu wa ngombe. Yeye iko na trakteri za namna zote mbili. Kapita wake, ule musimamizi wa kazi, akaniuliza:

"Mama, unatafuta kazi?"

"Natafuta kuona namna zinageuka."

"Zinageuka na usukani, mama."

"Wewe funga kinywa, mimi niko na macho."

Nikakaa juu ya jiwe. Ile ya pine ilipofika mwisho, ikatoka inje ya shamba, ikazunguka kama ngombe mwenye mimba anatafuta fasi ya kulala, ikakanyaga viazi vya watu. Ile ya minyororo ikafika mwisho, ikasimamisha muguu mumoja, muguu mwingine ukatembea, na ikageuka pale pale kama kuku juu ya mayai. Haikugusa ata nyasi ya jirani.

Inaenda polepole? Iende polepole. Hakuna muntu anatukimbiza. Kelele? Nililala miaka na babu yako, kelele ya usiku naijua.

Sasa andika sawa mwanaume. Kama ni ile ya pine, itageukia wapi? Na usiniletee tena hadisi ya taa. Muchana tunaona.

Nyogokuru wako,

Nyirabagenzi


Walikale, tarehe 28 mwezi wa saba, 1955

Nyogokuru mpendwa sana,

Nisamehe kukawia. Nililala na homa, kisha Bwana Édouard akanituma safari ya Kisangani, kisha daraja likavunjika. Céline ni mzima, tumbo linakua. Anataka kula udongo wa kichuguu kila siku, nami namletea. Shangazi ameahidi kwenda misa.

Unasema kweli, ile ya pine inataka nafasi ya kugeuka. Sikuandika kwa sababu nilifikiri ni jambo dogo. Dawa yake ni rahisi: mng'oe miyenzi, mashamba matano yawe kipande kimoja wakati wa kulima. Mkisha kulima, kila nyumba inarudisha matawi yake. Wewe unajua muyenzi: tawi ukilichomeka asubuhi, jioni limekwisha kuota. Na mipaka yenyewe haikai katika miti. Inakaa katika vichwa vya wazee, na kichwa chako hakijapoteza hata jiwe moja la mlima ule.

Ile ya minyororo usiifikirie tena. Bwana Édouard amekwisha kumwahidi mtu mwingine. Imebaki moja tu, na wako wengine wanaoitaka. Mkichelewa, msimu unawapita.

Najua desturi: mpaka haung'olewi kama mkubwa wa mlima hajatoa neno lake mbele ya wote. Wakubwa wengine wamekufa, na Nzabandora ni mdogo tu wa babu; umebaki wewe. Toa neno lako, Nyogokuru. Mimi niko nyuma yako. Umenilea. Je, ninaweza kukuaibisha?

Mjukuu wako,

Damascène


Masisi, tarehe 4 mwezi wa tisa, 1955

Mujukuu wangu,

Yezu asifiwe. Udongo wa kichuguu umupe, lakini auchome mu moto kwanza. Nilikula huohuo nikiwa na mimba ya baba yako, na alikuwa na mifupa kama ya ngombe.

Neno ulilotaka nimelitoa. Nataka ujue namna ilienda, sababu hukuwako.

Nilitengeneza kasigisi, ile pombe ya ndizi, chungu kimoja na murija mumoja, sawa inavyotakiwa. Nyumba zote tano zilikuja. Nikakamata muyenzi wa kwanza, ule kati ya shamba langu na la Epiphanie, nikavuta. Haukutaka kutoka. Wanaume wakanisaidia. Kisha nikasema mbele yao: Mipaka hii niko nayo mu kichwa. Tukimaliza kulima nitaonyesha kila moja pahali pake.

Nzabandora akasimama. "Shemeji, kama miti hii hairudi, nani anajibu?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mutoto wangu."

"Mutoto wako iko Walikale anavaa viatu. Wewe uko hapa. Mimi nitakamata ule mwenye kuwa karibu."

"Unikamate. Utakuta mifupa tu, na haina supu."

Watu wakacheka sana, na yeye akacheka, akakunywa. Epiphanie peke yake hakucheka. Alikuja nyuma yangu, akasema chini chini: "Mama, wengine wako na wanaume wa kukumbuka mipaka yao. Mimi niko na nani?" Nikamwambia: "Mimi nitakukumbukia." Akaenda, akang'oa ya kwake na mikono yake. Maziwa ya muyenzi yakamuruka mu jicho. Akalia sawa mutoto. Jirani mwenye kunyonyesha njo alimukamulia maziwa yake mule mu jicho mpaka moto ukapoa. Lakini mpaka leo jicho liko jekundu.

Ngombe ziliondoka Jumatatu, zikapelekwa Kalembe kungoja kamyo ya Bwana wako. Nzabandora alisindikiza ya kwake mpaka ku kivuko anaiimbia majina yake yote. Usimwambie nilikuandikia ile.

Mulima uko wazi sasa kama kichwa cha muntu aliyenyolewa. Sipendi kuutazama. Leta trakteri.

Nyogokuru wako,

Nyirabagenzi


Masisi, tarehe 13 mwezi wa kumi na moja, 1955

Damascène,

Nakusalimu, sababu kunyima salamu ni tabia ya wachawi. Céline nadhani karibu atazaa. Mungu amusimamie.

Niliandika mwezi wa kumi, hukujibu. Nikatuma shofere wa mazutu na kinywa, hukujibu. Basi leo utasikia vyote.

Trakteri ilikuja. Aliyeileta ni Kabera, ule mudereva wa Bwana Édouard. Nisiseme uongo: ilikuwa muzuri. Ilipanda, ikashuka, ikageuka pahali inataka, udongo mweusi ukafunguka mpaka ku muto. Watoto walikimbia nyuma yake. Nzabandora alivua kofia kama mu kanisa. Na mimi nilisema ndani ya roho yangu: Damascène, nilikuonea bure.

Tulichagua siku ya kurudisha miyenzi. Kila nyumba ilikata matawi. Asubuhi ya ile siku kamyo ikafika. Tulidhani inaleta mazutu. Haikuleta mazutu. Ilileta miche, vikapu na vikapu, ya yale maua meupe ya kuua wadudu, piretre, wazungu wanayapanda kila mulima. Nyuma ya kamyo akashuka mupima udongo wa serkali na vyuma virefu. Akachomeka chuma kimoja kule juu, kimoja pale chini, kimoja ku muto, kimoja ku njia. Mulima wote, kitu kimoja.

Nikamuuliza: "Baba, unapima shamba la nani?"

"La Monsieur Damascène, mama. Yeye njo mwenye udongo, Bwana Édouard njo mwenye maua."

"Na mipaka?"

Akatazama kushoto, akatazama kuume. Ni kijana wa heshima, hakunisukuma. Akasema: "Mipaka gani, mama? Mimi sioni mupaka."

Epiphanie alikuwa amesimama na kikapo cha mbegu ya maharage ku kichwa. Alizunguka na kile kikapo, akitafuta pa kuanzia, kama muntu ameingia mu nyumba si yake.

Kisha nikamwendea Kabera chini ya kamyo pale alikuwa anatengeneza kitu. Nikamwambia: "Kaka, Bwana wako ametuua." Akatoka chini, akapanguza mikono, akanitazama na huruma. Huruma ile njo ilinichoma. Akasema: "Mama, usimusingizie Bwana. Bwana alitaka kuwapa ile ya minyororo, alisema milima ya Masisi inataka ile. Iko muzima, hakuna muntu aliyeahidiwa, mpaka leo iko imesimama nyuma ya depo. Karani njo alikatala. Karani alisema: kwetu tutang'oa miyenzi wenyewe, udongo ni wa ukoo, mukubwa wa ukoo ni mimi. Bwana aliamini. Nani hawezi kuamini mutoto akisema habari ya kwao?"

Damascène. Muzungu akinidanganya, ninatema mate na ninaenda kulima, sababu sikumunyonyesha. Wewe ulijua neno langu tu njo lingeng'oa ile miti. Ndiyo maana uliniita mwenye kichwa kizuri. Ulikata kichwa changu ukakitumia kama panga.

Kama Kabera alisema uongo, andika: ni uongo. Neno moja. Nitaliamini. Unaona vile mimi ni mujinga? Mpaka leo, ukiandika, nitaliamini.

Nyirabagenzi


Walikale, tarehe 16 mwezi wa kwanza, 1956

Nyogokuru mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Mungu ametupa mtoto wa kike siku tatu kabla ya Noeli. Ana nywele nyingi na sauti kubwa. Tumempa jina lako, Nyirabagenzi. Céline alitokwa damu nyingi lakini sasa anaketi na kula. Shangazi alitoka Ntoto akakaa nasi, akapika, akaosha mtoto. Mvua haikunyesha wiki nzima, jambo la ajabu huku. Paa la nyumba yetu mpya limekwisha. Ni ya matofali, Bwana Édouard alinijengea. Kuna chumba kimoja ambacho Céline anakiita chumba cha Nyogokuru.

Kabera anakunywa sana. Watu wote wa Walikale wanajua.

Nyogokuru, jaribu kuelewa mambo ya leo. Maharage hayatamtajirisha mtu. Piretre inanunuliwa Ulaya. Nyumba zote tano zitapata kazi ya kuchuma maua kila mwezi, hata Epiphanie, tena kazi nyepesi kwake kuliko jembe. Nilitaka kuwaeleza baadaye, mkisha kuona faida. Mngekubali tangu mwanzo? Nzabandora angekubali? Mngejadiliana mpaka mwisho wa dunia.

Sasa nina ombi, na ni kubwa. Nzabandora amekwenda kushitaki. Tribunal itaketi Masisi mwezi ujao, na Administratere, yule mzungu wa serikali, atakuwapo. Watamwuliza mkubwa wa mlima, yaani wewe. Sema tu: udongo ni wa ukoo mmoja na Damascène ni kichwa chake. Niliandika kwamba ukoo wote umekubali. Ukisema kinyume, Bwana atanifukuza, na labda nitafungwa. Nyumba hii itachukuliwa. Mtoto mwenye jina lako atalala wapi?

Sikuombi kusema uongo. Wewe ni mama yangu, mimi ni mtoto wako. Je, ukoo si mmoja?

Mjukuu wako anayekupenda,

Damascène


Masisi, tarehe 18 mwezi wa tatu, 1956

Damascène,

Nasalimu Céline. Nasalimu mutoto. Kama maziwa ni kidogo, shangazi amupikie Céline uji wa mutama na sombe, yale majani ya muhogo, na karanga. Akae karibu na moto, asione baridi.

Niliomba neno moja, ukaniletea paa, matofali na ulevi wa Kabera. Nimeelewa.

Nilienda Masisi na miguu. Nililala ku misioni. Padri aliniuliza kama niko mugonjwa, nikamwambia niko na mujukuu. Ku tribunal kulikuwa wazee watatu, shefu, na Administratere ameketi kando na kofia juu ya goti. Bwana Édouard alikuja. Wewe hukuja. Nilikutafuta mu wale watu wote, ujue. Nilisema: atakuja, atasimama, atasema mwenyewe, na mimi sitakuwa na lazima ya kufungua kinywa.

Shefu akauliza: "Mama, mulima huu ni wa nani?"

Nilikuwa nawaza mutoto na nywele zake. Shefu akauliza tena. Nzabandora alikuwa ameketi mbele yangu, sikuona uso wake, niliona shingo tu, ile shingo ya muzee imekuwa nyembamba kama ya kuku. Na Epiphanie alikuwa chini ya dirisha, na jicho lake.

Nikasema: "Ni wa nyumba tano. Mujukuu wangu alinidanganya, na mimi nikawadanganya hawa. Niling'oa muti wa kwanza na mukono huu." Nikataja mipaka yote: pahali inaanza, pahali inapinda, pahali kuko jiwe. Hakuna muntu aliyenikatiza. Bwana Édouard akasimama, akasema mu Kifaransa, na mukalimani akatafsiri: karani wangu amenitia aibu. Nikawaza, mimi na huyu muzungu leo tumekuwa ndugu.

Vyuma viling'olewa. Miche ya maua ilirudi Walikale. Ngombe haikurudi ata moja, na ile trakteri nyekundu njo tumebaki nayo. Iko imesimama mu shamba la Epiphanie pale mazutu ilikwisha, na hakuna namna ya kuitoa. Kuku zinataga chini yake. Analima akiizunguka.

Najua kilichokupata. Shofere alinieleza: Bwana alikufukuza, nyumba alikamata, uko unalala kwa shangazi yako Ntoto na unangoja kuitwa ku tribunal. Sikufurahi. Sikulia pia mbele ya shofere.

Céline akitaka kuja huku na mutoto, aje. Hana kosa, na mutoto hana kosa. Mukeka uko. Wewe unauliza, kwa kinywa cha shofere, kama unaweza kuja Pasaka. Hapana. Usitume tena muntu kuuliza. Siku nitaweza kukutazama, nitaandika mwenyewe, na kama sitaandika, utajua.

Lakini nataka ujue kitu kimoja shofere hakukuambia, sababu hakukijua.

Leo njo siku ya kurudisha miyenzi. Nilifika asubuhi mbele ya wote, na tawi la kwanza ku mukono, sawa mukubwa anavyofanya. Nikainama kulichomeka kati ya shamba langu na la Epiphanie. Nzabandora akasema: "Shemeji, weka chini."

Hakunitukana. Angenitukana, jibu nilikuwa nalo. Aliongea polepole, kama unaongea na mugonjwa. Alikuwa amemuleta monitere wa mashamba, ule wa serkali mwenye kufundisha kulima, na kamba, na vijiti. Akasema: "Tutapima na kamba. Ni vizuri kwa watu wote."

Nikamwambia: "Ku tribunal nilitaja mipaka yote, na ukakubali na kichwa."

"Ku tribunal, ndiyo. Pale tulikuwa na lazima ya neno lako."

Nikamutazama Epiphanie. Damascène, sababu ya huyu njo nilikutoa wewe. Nilingoja aseme: mama alisema atanikumbukia. Yeye akatazama miguu yake, akasema: "Mama, wacha kamba ipime."

Nikaweka tawi chini.

Basi niko mu nyumba, naandika. Wao wako inje wanapima tangu asubuhi. Sasa hivi wanabishana hapa karibu na mulango wangu juu ya jiwe moja: Nzabandora anasema ni la mupaka, monitere anasema ni jiwe tu. Lile jiwe nalijua. Nilikuwa nimesimama pale, bibi-arusi bado, siku babu yako alilizika. Nawasikia vizuri, na hakuna anayekuja kuniuliza.

Nyirabagenzi